Samaki wa Studio ya Mama Emérence

Watu wakizungumza juu ya Butembo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, katika miaka ile ya vita, wanawataja makomanda: nani alishika mji, nani alimfukuza nani, nani aliweka kizuizi barabarani. Mimi nimechoka na masimulizi hayo. Makomanda walikuja wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyetuachia kitu cha kuwaonyesha watoto wetu. Emérence ametuachia picha. Ingia nyumba yoyote kuanzia soko kubwa hadi njia ya kwenda Kirumba, tazama ukutani. Utaona bibi arusi, utaona mwanafunzi aliyeshika diploma, utaona mzee aliyekimbia kijiji chake na koti moja tu, na wote wamekaa wima kando ya sanduku la kioo lililojaa maji. Sogeza macho karibu zaidi. Ndani ya maji kuna samaki.

Samaki hao hawakuonekana kwa bahati. Mwanamke mmoja alikaa mbele ya kioo akawasoma mpaka akawaelewa, na siku moja ujuzi huo ukaokoa kazi yake.

Emérence alikuwa mpiga picha, na pia shemasi katika kanisa la Kibatisti. Studio yake ilikuwa nyumba ya mbao iliyoinuliwa kidogo juu ya ardhi kwa sababu ya mvua. Sakafu yake pia ilikuwa ya mbao, ukitembea inanguruma. Ndani kulikuwa na pazia la buluu, kiti kimoja chenye mikono, na dirisha kubwa linaloingiza mwanga wa barabarani. Ukuta kwa ukuta naye alikaa Ézéchiel, kinyozi, mtu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi.

Sanduku la kioo lililetwa na Yassini, mfanyabiashara wa Beni, wa komini ya Ruwenzori. Yassini alikuwa mmoja wa wale wanaopanda ndege kwenda Asia kununua vitenge na betri, mizigo ikashukia Mombasa na kuingia kwa mpaka wa Kasindi, vita au bila vita. Safari ile alinunua sanduku la kioo na samaki wa rangi, wekundu na wa njano, ili apambe sebule yake. Wa rangi walikufa wote kabla ya Kasindi. Waliofika ni watano tu, ambao hata hakuwanunua kwa ajili ya kupamba. Aliwakuta sokoni ndani ya beseni, wanauzwa kama mboga. Walikuwa wembamba kama vidole virefu, rangi ya matope, na ndevu zimezunguka mdomo.

“Mama Emérence,” alisema akiweka sanduku juu ya meza, “hii kitu haiko na mwenzake Butembo muzima.”

Emérence akainama. “Njo nini hii? Kambale ya kukonda?”

“Kambale!” Ézéchiel alidakia kutoka mlangoni, kitana mkononi. “Yassini, huku kwetu nusu ya banaume banaitwa Kambale. Ulienda mbali vile kutuongezea ingine?”

“Cheka tu, kinyozi. Kule banakulaka hii na pilipili. Mwenye kuuza alinionyesha kwa mikono: hii hapana kufa ovyo.”

“Sasa juu ya nini hubaki nayo?” Emérence aliuliza.

Yassini akajikuna shingo. “Beni kuko joto, mama. Kila saa banapanda juu, banakunywa hewa, banashuka. Bibi yangu anasema banakufa, anasema hataki maiti kwa sebule. Miye minaona ni joto tu. Hapa kwenu kwenye baridi batakaa muzuri. Na weye uko na studio. Mutu gani ataenda kwa mwingine kama hapa anapigwa na samaki ya ng’ambo?”

Maneno hayo yalimwingia. Studio nyingine, upande wa pili wa soko, ilikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, na vijana wote walikimbilia ndege. Emérence alikuwa na kamera mbili. Moja aliitoa kwa Yassini, ambaye aliitaka kwa muda mrefu kwa ajili ya sherehe za jamaa zake, naye akabaki na sanduku. Hapo sasa hakukuwa na kurudi nyuma. Kama samaki hawatavuta watu, angekuwa ameuza nusu ya kazi yake kwa maji.

Kosa la kwanza alilifanya asubuhi iliyofuata, na ni kosa ambalo Mnande yeyote, mtu wa kabila letu, angelifanya. Kwetu ua unafagiliwa kabla jua halijatoka. Mgeni akikuta jani moja chini atalisema mpaka Manguredjipa. Yassini alikuwa ameweka mchanga na mawe chini ya maji. Emérence aliona uchafu. Akautoa wote, akasugua kioo kwa burashi, akatia maji safi ya chemchemi. Chini kukang’aa kama sahani ya harusi.

Samaki wakachanganyikiwa. Walikimbia kando ya kioo juu na chini, wakasongamana kwenye pembe moja, wakasuguana mpaka pua zikawa nyekundu. Mmoja aliruka nje akaanguka sakafuni mbele ya mteja, mteja akapanda juu ya kiti.

“Hawa ni bafungwa, mama,” alisema Ézéchiel. “Banatafuta mulango.”

Mwingine alilala ubavu, kimya kabisa. Emérence alisikitika, akaingiza mkono kumtoa maiti. Maiti ikampita kati ya vidole na kukimbia. Nani asingeshangaa? Tangu siku hiyo alijua kwamba samaki hawa hulala ubavu wakipumzika, na kwamba kutazama mara moja hakutoshi. Akasogeza kiti. Kila alipomaliza mteja alikaa mbele ya kioo, kama mama anayekaa na mtoto mwenye homa.

Jibu lilikuja kwa kitambaa. Alikuwa akifuta lenzi, kitambaa kikamponyoka, kikazama mpaka chini. Samaki wote watano waliingia chini yake mara moja. Mbio zikaisha. Ndevu tu zilitokeza pembeni.

“Aaa,” Emérence alisema peke yake. “Bageni hapana kutaka sebule. Banataka kitanda.”

Alishuka hadi mto Kimemi na ndoo, akateka mchanga, akauchekecha kwa chekeche ya unga mpaka ukawa laini, kwa maana aliona tumbo lao halina magamba ya kuwakinga. Akaongeza nusu ya chungu kilichovunjika. Akaweka chini, polepole. Maji hayajatulia bado, samaki walikuwa wamezama mchangani, na sanduku likawa tupu kama siku lilipotoka dukani.

Pua zao zilipona. Lakini sasa shida ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Bibi arusi mmoja, Bénite, alifika na gauni lake na wasindikizaji wake wote. Akatazama sanduku kutoka kila upande.

“Samaki iko wapi?”

“Iko. Inalala chini ya muchanga.”

“Donc nipigwe picha na usingizi?”

Wasindikizaji walicheka mpaka barabarani. Bénite alikwenda kupigwa na ndege. Ézéchiel akaibatiza studio jina jipya, Maji Matupu, na jina likashika. Mtu akiuliza njia anaambiwa: pita pale Maji Matupu, kata kushoto. Mwezi ule Emérence alipiga picha ndogo za kadi tu, kwa watu ambao hawakuwa na wakati wa kuchagua.

Yeye hakukata tamaa. Huyu si mtu wa kukata tamaa, na wale wanaosema kwamba vita vilitufanya sote tulale chini tukisubiri msaada hawakumjua Emérence. Aliendelea kukaa na kutazama. Akaona kwamba jua likipiga kioo hawatoki. Akifunga pazia la dirisha, ndevu zinatokeza, kisha kichwa, kisha mwili mzima. Akaona kwamba hawapendi upweke: mmoja akitoka, wengine wanafuata, wanapita wakigusana kama watu wanaopeana mkono sokoni. Aliona wanapenda kutafuna mchanga na kuutema, wakichambua chakula kwa ndevu. Na kwaya ya kanisa ilipokuja kupigwa picha, ikafanya mazoezi humo humo ndani, ikapiga miguu kwenye sakafu ya mbao kama desturi ya kwaya zetu, aliona samaki wanazama wote kwa pamoja, kama mawe. Hawakuonekana tena mpaka jioni. Débora, kiongozi wa kwaya, aliomba radhi.

“Tumeua samaki yako, mama shemasi?”

“Hapana. Miguu yenu inaingia mpaka kwa maji. Bananisikia miye nikitembea, sembuse nyinyi.”

Jambo kubwa kuliko yote lilitokea alasiri moja. Mbingu ilikuwa bado nyeupe, lakini samaki walitoka bila mtu kufunga pazia. Walipanda kando ya kioo, wakajipinda, wakashuka, wakapanda tena, wote watano, wanacheza kama watu wa arusi. Emérence alidhani ni ugonjwa. Baada ya muda mfupi mawingu yalishuka kutoka milima ya Ruwenzori na mvua ikaanguka juu ya mabati. Walipocheza tena, mvua ikanyesha tena. Mara ya tatu hakungoja mvua. Alitoka mlangoni na kumwita mwanamke wa kwanza aliyepita: “Kuja upigwe, mama! Ni sasa!”

Na kuna jambo ambalo mpiga picha analijua kuliko sisi: mwanga wa mawingu ni mzuri. Hauumizi macho, haukati uso kwa vivuli vikali. Picha ile ilitoka na uso laini, na nyuma yake samaki waliosimama kama moshi. Mwanamke aliionyesha sokoni. Kuanzia hapo, mbingu ikiwa nyeusi, mji mzima ukikimbilia nyumbani, foleni ilikuwa kwa Emérence. Bénite alirudi na gauni lake, akiwa mke wa mtu tayari, akataka kupigwa upya. Wafyatua matofali walituma watu kuuliza: “Bandevu banasema nini leo? Tufunike?” Wanawake wenye mihogo kwenye jua waliuliza vilevile. Wengine walianza kunong’ona kwamba mama shemasi amekuwa nabii, naye aliwakata.

“Hapana nabii hapa. Banasikia hewa mbele yetu. Ni vile Mungu aliwafanya, basi.”

Sasa kitu kizuri kikisemwa sana, wenye bunduki nao wanasikia. Askari mmoja alifika, akasimama mlangoni bila kusalimu. Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala, samaki aliwaita mbisi.

“Mama, komanda anataka kuona mbisi yenye inachezaka. Atapigwa picha nayo. Kama inacheza muzuri, ataibeba kwa nyumba yake ya Beni.”

“Na miye?”

“Weye utabaki na appareil, si vile?” alisema akiionyesha kamera kwa kidole.

Emérence aliona yote mara moja: sebule ya Beni yenye joto, taa, muziki, askari wakigonga kioo. Samaki wasingemaliza wiki. Na studio ingerudi kuwa Maji Matupu, mara hii bila hata maji. Akasema kwa sauti ya kawaida: “Mwambie akuje asubuhi, jua likiwa kali. Nyota za mabega zinaonekanaka muzuri kwa jua.”

Ilikuwa kweli tupu. Nyota zinaonekana vizuri kwa jua. Na samaki hawaonekani.

Ézéchiel alikuwa amesikia yote. Safari hii hakucheka. “Mama, sema zimekufa. Tuzipeleke kwangu ndani ya ndoo, tufunike na taulo.”

“Niseme uongo, miye shemasi? Juu ya samaki?”

“Mungu atacheka.”

“Atacheka na weye. Miye nitamuambia kweli yote. Aiamini ao aiache.”

Siku ilifika, jua likawaka vizuri, mchanga ukawa mtupu. Komanda hakuja. Nani amewahi kuona mkubwa anayekuja saa yake? Mimi nilikuwepo, nilikuja kutafuta picha ya kadi yangu ya chuo kikuu, nikabaki nimesimama ukutani kama wengine. Jua likapanda, likaanza kuzungukwa na weupe wa mawingu. Emérence alitazama nje, akatazama kioo. Ndevu zilikuwa zimetokeza. Kisha kichwa kimoja. Gari la komanda lilisikika likipanda mlima kutoka sokoni.

Emérence hakukimbia. Alivuka barabara hadi kanisani, ambako kwaya ilikuwa ikijiandaa kwa Jumapili, akasimama mlangoni.

“Débora! Leta bamama na bavijana. Tuko na mugeni kwa studio.”

“Mugeni gani?”

“Komanda.”

“Niimbie ule? Hapana, mama. Afazali ninyamaze mpaka Yesu arudi.”

“Nani anasema umuimbie yeye? Imba ya Mungu. Lakini na miguu, Débora. Na miguu yote!”

Débora alimkodolea macho. Halafu nadhani alikumbuka siku ile samaki walipozama kwa miguu yao, maana uso wake ulifunguka. “Bamama,” aliita, “twende! Leo hapana kuonea mbao huruma.”

Komanda aliposhuka garini alipokewa kwa wimbo ambao ulitikisa dari. Kwaya ilijaza nusu ya studio, ikipiga miguu, kushoto, kulia, vumbi likipanda kati ya mbao, fremu zikicheza ukutani. Nilitazama sanduku. Maji yalitetemeka yakifanya duara ndogo ndogo. Chini kulikuwa mchanga na nusu ya chungu, basi.

Komanda alifurahi. Alidhani ni kwa ajili yake. Alipiga makofi, akainua mkono kama mtu anayebariki, kisha akainama mbele ya kioo.

“Mbisi wapi?”

“Ndani ya muchanga, afande,” Emérence alijibu. “Yote tano. Iko hapa chini ya macho yenu.”

“Ndani ya muchanga? Samaki inaishi kwa maji, mama.”

“Hii inapendaka muchanga. Kama kuko kelele inajificha.”

Komanda aligonga kioo kwa pete. Hakuna kilichotoka. Akamwashiria askari. Askari alikunja mkono wa shati, akaingiza vidole polepole, akachimba. Kitu laini kikapita kwenye kiganja chake.

“Nyoka!”

Alichomoa mkono kwa nguvu, maji yakaruka yakampiga komanda kifuani, kuanzia nyota hadi mkanda. Mchanga uliinuka, maji yakawa chai. Hakuna aliyecheka. Débora alianzisha ubeti mwingine kwa sauti ya juu sana, na nilimwona mama mmoja wa kwaya akifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika, akiimba.

Komanda alijifuta. Alimtazama Emérence, na sote tulijua kwamba mtu wa namna ile akiaibika lazima mwingine alipe. Emérence hakuinamisha macho.

“Mama,” alisema hatimaye, maana habari ya ile kamera ilijulikana mji mzima, “juu ya hii matope ulitoa appareil?”

“Njo, afande.”

“Balikuibia.”

“Hata jirani yangu anasemaka vile.”

“Toka siku ya kwanza, afande!” Ézéchiel alipaza sauti kutoka mlangoni. “Nilimuambia! Hata jina ya studio nilimupatia juu ya ile!”

Na komanda akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu anayejiona mjanja kuliko mwanamke aliyeibiwa. Alikaa kwenye kiti, mbele ya pazia la buluu, mbali na sanduku, akapigwa na shati lake lililolowa. Kisha akawaambia askari: “Tika, tokende,” yaani acheni, twende, na gari likashuka. Picha yake hakuja kuichukua. Vita vilimhamisha kabla haijarudi kutoka Kampala, ambako filamu zilikuwa zikisafishwa.

Kwaya ilinyamaza. Baadhi walikaa sakafuni, wakishika magoti, sasa wakicheka mpaka machozi. Emérence aliwanyooshea mkono: tulieni. Akafunga pazia nusu. Nje upepo ulikuwa umeanza kubeba karatasi za sokoni. Matope ndani ya maji yalishuka kidogo kidogo, na tukangoja, watu wazima wote tukiwa kimya mbele ya sanduku kama watoto mbele ya chungu cha maharagwe.

Ndevu zikatokeza. Kichwa. Kisha wote watano wakapanda pamoja kando ya kioo, wakijipinda, wakishuka, wakipanda tena.

“Wasingya,” alisema Débora polepole, asante kwa Kinande, na hakumwambia mtu.

Emérence alikwisha kushika kamera. Aliwapanga wanakwaya pande zote mbili za sanduku, akawapiga. Picha hiyo bado ipo, ninayo nakala. Katika nyuso hizo hakuna mtu aliyeshindwa, na ukiniambia mji wetu ulipiga magoti miaka ile, nitakuonyesha.

Ézéchiel alibaki nyuma watu walipoanza kutawanyika. Tangu sanduku lije hakuwahi kukaa kwenye kile kiti. Alisema hawezi kupigwa na maji matupu. Sasa alivua koti la kazi lenye nywele za watu, akalikung’uta nje, akajisogeza kando ya kioo huku akitikisa mguu mmoja, kama alivyofanya siku zote akinyoa.

“Haya, mama. Na miye.”

Matone ya kwanza yalipiga mabati. Emérence aliinama nyuma ya kamera, akainuka tena.

“Nitakupiga, Papa Ézéchiel. Lakini tuliza kwanza ule mguu.”